Sista Anajibu: Mwanangu ameombwa kuingia kwenye utafiti, nikubali?

Safari hii barua zimejaa watoto waliolazwa. Kuna wazazi wameletewa fomu ya utafiti hawajui wasaini au wakatae, kuna ambao mtoto ashatoka hospitali lakini watafiti bado wanapiga simu, na wapo wenye swali zito kuliko hayo. Nimechukua tano, nimezipunguza urefu na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo sista. Nimejifungua kabla ya siku, mtoto ana kilo 1.4, tuko wodi ya njiti. Jana kaja nesi wa utafiti na makaratasi, anasema wanalinganisha njia mbili za matibabu na kompyuta ndo inachagua mtoto aende kundi gani, hata daktari hachagui. Mama mkwe kusikia hivyo akawaka, anasema mjukuu wake si wa kufanyiwa majaribio, na daktari asiyejua tiba ipi ni nzuri huyo si daktari. Mume wangu ananiachia mi niamue. Nisaini? – *Mama Njiti*

JIBU: Marahaba mama, hongera ya mtoto na pole ya wodi, najua kushinda kule unamwangalia mtoto ana mipira puani si mchezo.

Mama mkwe usimkasirikie, anamlinda mjukuu wake na swali lake lina maana. Ila hiyo ya kwamba daktari lazima ajue, hapo nataka tukae kidogo, manake kwenye tiba ya watoto kuna mambo yalifanywa miaka nenda miaka rudi na watu wenye nia safi kabisa, yako vitabuni, yanafundishwa, alafu siku yalipopimwa ikaonekana yanaua.

Chukua dripu. Mtoto analetwa anachemka homa, amelegea. Nesi anambana ukucha wa kidole gumba mpaka unakuwa mweupe, anaachia, anahesabu sekunde rangi irudi. Ikirudi ndani ya sekunde mbili sawa, ila ikifika tatu na miguu ni ya baridi na moyo unakimbia, hapo damu haizunguki vizuri, na mafundisho yalikuwa mmiminie maji ya dripu mengi kwa haraka ujaze mishipa. Inaingia akilini, na kiukweli watoto wengi waliomiminiwa ukiwaangalia baada ya saa moja walionekana wamepata nafuu, sasa nani angebisha? Watafiti Kenya, Uganda na Tanzania, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanyia kazi zake Kilifi, wakaamua kupima. Utafiti unaitwa FEAST. Watoto 3,141 wakagawanywa kwa kura ya kompyuta, wengine wakapata ule mmimino wa haraka, wengine dripu ya polepole tu, matibabu mengine yote sawasawa. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla haujaisha kwa sababu waliomiminiwa walikuwa wanakufa zaidi: ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 walikufa kama 10.5, na wale wa polepole 7.3. Yaani tofauti ya watoto watatu katika kila mia, na kitu chenyewe kilikuwa kinatolewa kama msaada. Shirika la Afya Duniani, WHO, likatoa mwongozo mpya 2016. (Mtoto anayeharisha akakauka maji hakuwemo kwenye utafiti huo wala mwenye utapiamlo mkali, hao wana mwongozo wao, msije mkamnyima maji mtoto wa kuharisha mkasema sista kasema.)

Sasa jiulize, bila ile kura ya kompyuta hayo yangejulikana vipi? Daktari mwenyewe angekuwa anachagua, angempa mmimino yule aliyezidiwa zaidi, ndo huruma ilivyo, na mwisho wa siku wakifa wengi kwenye kundi hilo ungesema ah, hao walikuja wamezidiwa. Kura inafanya makundi mawili yafanane, waliozidiwa huku na kule, wenye nafuu huku na kule, ili tofauti ikitokea ujue imeletwa na matibabu. Kwa hiyo daktari anayekubali kura hajakosa elimu, amekubali tu kwamba kwa hilo swali bado hakuna ajuaye.

Na wewe wa njiti una mfano wako wa karibu zaidi. Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ile ya kangaruu, ilianzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978 na Dkt. Edgar Rey, lakini kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa mtoto kwanza atulie kwenye inkyubeta ndo apewe mama. Ilionekana ndo salama. Ukaja utafiti wa WHO kwenye hospitali tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto 3,211 wa kilo 1.0 mpaka chini kidogo ya 1.8, nusu wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa hata kabla ya kutulia, nusu wakafuata utaratibu wa zamani. Vifo vikawa 12.0 kwa 100 kwa wa kifuani na 15.7 kwa wa kusubiri, na huo nao ukasimamishwa mapema, safari hii kwa sababu ya heri. Matokeo yalitoka 2021, mwaka uliofuata WHO ikabadilisha mwongozo. Kwa hiyo wakikuruhusu kumbeba wewe mbebe, iwe umesaini au hujasaini.

Oksijeni ndo kabisa. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 njiti walipewa oksijeni kwa wingi na maelfu wakawa vipofu. Majaribio ya kura yakaonyesha kosa ni oksijeni kuzidi, ikabanwa mno, watoto wakaanza kufa kwa kukosa hewa. Ilikuja kufika miaka ya 2010 ndo tafiti zilizojumlisha karibu watoto 5,000 waliozaliwa kabla ya wiki 28 zikatuonyesha kiwango cha chini kinaleta vifo zaidi na cha juu kinaleta ugonjwa wa macho zaidi. Kile kitaa chekundu cha kupima oksijeni unachokiona kimefungwa mguuni kwa mwanao, namba anazolindiwa pale zimetokana na hao watoto.

Nisaini? Mi siwezi kukusainia mama, lakini usisaini kabla hujaelewa. Muulize huyo nesi hizo njia mbili ni zipi na kila moja ina hatari gani, na mtoto akipata madhara nani anagharamia. Muulize damu itatolewa kiasi gani manake kwa kilo 1.4 kila tone ni kitu, na umuulize ni kamati gani ya maadili iliyopitisha na namba yao ya simu ni ipi. Ukikataa mtoto anatibiwa kama kawaida, ukikubali unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, hayo yanatakiwa yawe yameandikwa kwenye fomu. Akikukimbiza kimbiza usaini bila kukujibu, mwambie arudi kesho. Akikujibu vizuri mkae wewe na baba mtoto, na mama mkwe mwiteni naye asikilize, ni haki yake kuelezwa badala ya kuambiwa tu.

SWALI: Habari za kazi sista. Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu alilazwa kwa malaria, damu ikaisha kabisa akaongezewa, akapona tukatoka. Sasa hao watu wa utafiti hawaishi kupiga simu, mara wanataka kumpima uzito, mara kupima mkono, mara anakula nini, na wamempa dawa ya malaria ya kila baada ya wiki kadhaa wakati malaria hana. Mtoto anacheza mpira sasa hivi. Wanatafuta nini? – *Baba Chumu*

JIBU: Salama kaka, na nafurahi kusikia anacheza.

Zamani hesabu zetu hospitali ziliishia mlangoni. Mtoto katoka akiwa hai, tunaandika amepona, faili linafungwa. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na nakwambia hiyo ndo ilikuwa namba ya kujivunia, wangapi wametoka. Alafu kuna watafiti wa mtandao unaoitwa CHAIN, kwenye nchi sita za Afrika na Asia Kusini, wakaamua wawafuate watoto wa kati ya miezi miwili na 23 miezi sita baada ya kutoka. Walikuwa zaidi ya 3,000. Katika wote waliofariki, karibu nusu walifariki baada ya kuruhusiwa. Yaani hospitali ilikuwa inaona nusu tu ya vifo, ile nusu nyingine ilikuwa inatokea nyumbani au hospitali nyingine na hakuna aliyekuwa anaihesabu. Waliokuwa wamekonda zaidi ndo waliokuwa hatarini zaidi, ndo maana wanang'ang'ania kupima huo mkono.

Na mtoto aliyeishiwa damu kama wako miezi ya mwanzo baada ya kutoka ndo mibaya. Damu aliyoongezewa imemvusha tu, mwili bado unajenga yake, na mbu akimwahi kabla haijajengeka anarudi pale pale. Kenya na Uganda walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2020: watoto chini ya miaka mitano waliolazwa kwa upungufu mkali wa damu wakapewa dawa mseto ya malaria wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka, wawe na malaria wasiwe nayo, na wenzao wakapewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa ndani, ili walinganishwe. Wale wa dawa halisi, kufariki au kulazwa tena kulipungua kwa asilimia 70 wakati dawa inafanya kazi. Mwaka 2022 WHO ikapendekeza itolewe kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Inawezekana kabisa hiyo ndo aliyopewa wako, waulize jina la dawa na ratiba, alafu dozi usiruke hata kama anacheza mpira. Chandarua kiendelee, na faida ya hiyo dawa inaisha dozi zikiisha kwa hiyo baada ya hapo akichemka tu mpeleke apimwe siku hiyo hiyo.

Simu zao pokea kaka. Kama wanakupigia saa za kazi waambie muda unaokufaa, wanatakiwa wakusikilize.

SWALI: Dada, mwanetu alichelewa kulia alipozaliwa, akapata degedege siku ya kwanza, alikaa wodini wiki mbili. Sasa ana miezi minne. Nimesoma mtandaoni kwamba watoto kama hawa nchi zilizoendelea wanapozwa mwili na ubongo unapona. Wetu hakupozwa. Nimekuwa silali, najiuliza kama tungekuwa na hela tungempeleka kwingine angekuwaje. – *Mama Nai*

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Ulichosoma ni kweli lakini ni nusu.

Kupoza kupo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anashushwa joto mpaka kati ya nyuzi 33 na 34 kwa saa 72, na inabidi ianze ndani ya saa sita za kwanza. Tafiti kwenye hospitali zenye vyumba vya uangalizi maalumu na mashine zote zilionyesha inapunguza vifo na ulemavu. Wakaona vizuri ipimwe na kwingine, ukafanyika utafiti unaoitwa HELIX kwenye hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, watoto 408, ukatoka 2021. Waliopozwa walifariki asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Matibabu yale yale, jibu likageuka. Sababu bado wanazijadili, pengine wengi wao madhara yalianza saa nyingi kabla ya kuzaliwa, pengine ni maambukizi, lakini usiku wa leo unapogeuka geuka kitandani jua kwamba kumpoza kusingekuwa lazima uokozi, kwenye mazingira fulani kungeweza kumwondoa. Kwa hiyo hiyo hela unayojilaumu kuikosa iache.

Kinachofanya kazi sasa ni ufuatiliaji, na huo usiukose. Tafiti za watoto hawa haziishii kusema kaishi au kafa, wanamsubiri mpaka miezi 18 hadi 24, anakalishwa mapajani kwa mama mbele ya meza, anapewa vibao vidogo aone kama atapanga kimoja juu ya kingine, anawekewa kitu kidogo kama punje aone anakiokota kwa vidole viwili au anakikusanya kwa kiganja chote, anaitwa jina kwa nyuma. Wako kwa miezi minne mtu aangalie shingo imekaza kiasi gani, ngumi anafungua au zimefumba muda wote, anakufuata kwa macho au la, kichwa kinakua kwa mstari wake kwenye kadi au kimesimama. Mpeleke kliniki ya watoto au kwa mtaalamu wa mazoezi tiba sasa, usisubiri mwaka uone kama atatembea, manake ubongo wa umri huo unajifunza haraka na mazoezi yakianza mapema yanasaidia zaidi. Na wapo watoto wengi waliochelewa kulia ambao wanakua vizuri tu, siwezi kukuahidi kwa wako lakini huo mlango uko wazi.

SWALI: Sista, mwanangu alifariki akiwa kwenye utafiti. Fomu nilisaini mimi. Baba yake hajanilaumu kwa mdomo. Naomba unijibu tu, ni saini yangu? – *Mama yake*

JIBU: Mama, nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Pole.

Utafiti wa ugonjwa mkali unamchukua mtoto ambaye tayari ni mgonjwa sana, ugonjwa ndo umemfikisha pale kabla ya fomu. Ulisaini ukiwa unamtafutia uzima, na ulisaini kitu ambacho hata waliokiandika hawakujua kundi lipi litafanya vizuri, la sivyo wasingeruhusiwa kuanza. Mi sijui mwanao alikuwa kundi gani wala alipewa nini, kwa hiyo sitakudanganya kwa kukwambia nisichokijua, lakini hayo majibu yapo na ni yako. Kila kifo ndani ya utafiti wa namna hiyo kinatakiwa kiripotiwe na kichunguzwe, na kuna kamati huru inayopitia vifo vyote wakati utafiti unaendelea. Nenda, au mtume ndugu unayemwamini, muombe mtafiti mkuu akae na nyie wote wawili, wewe na baba yake, awaeleze mtoto alifariki kwa nini, na utafiti ukifungwa awaambie alikuwa kundi gani na nini kilionekana. Wakikuzungusha piga ile namba ya kamati ya maadili iliyoko kwenye nakala yako ya fomu, na kama nakala huna wanalazimika kukupa.

Baba yake mwende naye. Kunyamaza kwake si lazima iwe lawama, wanaume wengi mtoto akiondoka wanakosa pa kuanzia.

SWALI: Sista mambo, mtoto ana sikoseli, miaka minne. Daktari anataka kumwanzishia haidroksiyurea. Jirani ambaye ni mhudumu wa famasi anasema hiyo ni dawa ya kansa. Nifanyeje? – *Mama Jey*

JIBU: Poa Mama Jey. Jirani hajakosea, inatumika kwenye baadhi ya kansa za damu, ila kwa sikoseli inafanya kazi nyingine, inaamsha ile hemoglobini (kibeba oksijeni cha kwenye damu) aliyokuwa nayo tumboni, ambayo inazuia chembe za damu kujikunja. Hofu kubwa ilikuwa kwamba kwenye nchi zenye malaria itashusha kinga watoto waugue zaidi. Ndo ukafanyika utafiti wa REACH kule Angola, Kongo ya Kinshasa, Kenya na Uganda, watoto wa mwaka 1 mpaka 10, matokeo 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria yenyewe ilipungua na vifo vikapungua.

Kinachotakiwa ni kupimwa damu kabla ya kuanza na kila mara baada ya hapo kwa ratiba ya daktari, sababu dozi inaweza kushusha chembe nyeupe na inarekebishwa kwa kipimo hicho na kwa uzito wake unavyopanda. Dawa iwe kila siku, si siku ya maumivu tu. Pensilini yake, chanjo na kinga ya malaria haviachwi, na akipata homa ni hospitali moja kwa moja, usianze na panadoli ya nyumbani ukangoja kukuche.